Nilivyopanga vyumba, viti na mabasi ya timu yetu msimu wa korona

Msimu wa 2020 nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya timu ya futiboli ya chuo kimoja huku Midwest, Marekani, chuo chenyewe sitakitaja ila kipo ligi ya Big Ten, na futiboli nayosema ni ile yao ya helmeti na mabega makubwa, sio soka. Nyumbani watu wakisikia timu ya chuo wanawaza vijana 20 na kocha na filimbi. Huku timu moja ina wachezaji zaidi ya 100, ukiongeza makocha, madaktari, watu wa vifaa na wa kamera ni kijiji kizima, na wote asubuhi wanaingia jengo moja, wanakula pamoja, wanapanda mabasi pamoja. Mi nikapewa kazi ya kupanga nani akae na nani, wapi na kwa muda gani, ili korona ikimpata mmoja isiondoke na nusu ya timu.

Nianze na kalenda maana bila hiyo hutaelewa presha tuliyokuwa nayo. Agosti 11 Big Ten iliahirisha msimu, Pac-12 nao siku hiyohiyo, wakati SEC, ACC na Big 12, ligi nyingine kubwa za vyuo, wakasema wao wanaendelea. Madaktari walikuwa wanahofia zaidi moyo, kwamba mtu anaweza kupona korona lakini misuli ya moyo ikabaki imevimba, na kijana wa hivyo ukimrudisha kwenye mazoezi mazito anaweza kudondoka palepale. Vijana wetu waliumia sana. Alafu Septemba 16 ligi ikageuza uamuzi, tunarudi uwanjani wikiendi ya Oktoba 24, ila kwa masharti: kipimo cha haraka cha antijeni kila siku, ukikutwa nayo na kipimo cha maabara cha PCR kikathibitisha hurudi kwenye mechi mpaka zipite siku 21, na kabla ya kurudi unapimwa damu, ECG yaani umeme wa moyo, ultrasaundi na MRI, ile picha ya kina, ya moyo, daktari wa moyo ndo anasaini. Na timu nzima ikivuka viwango vilivyowekwa, yaani zaidi ya asilimia 5 ya vipimo vikionyesha korona na zaidi ya asilimia 7.5 ya watu wote wa timu wakiwa nayo, mnafunga kila kitu siku 7.

Wengi walikuwa wanaangalia hizo siku 21 za mgonjwa. Mi kilichoninyima usingizi ni wale wasioumwa. Kanuni ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikuwa ukikaa chini ya mita 2 na mgonjwa kwa dakika 15, karantini siku 14, hata kama vipimo vyako ni safi kila asubuhi. Na mwezi Oktoba wakaongeza kwamba hizo dakika 15 zinajumlishwa ndani ya saa 24, yaani dakika 5 kwenye lifti, 5 kwenye foleni ya chakula na 5 ukifunga viatu, tayari umeingia. Sasa fikiria wale wakubwa wa mstari wa mbele, wanaozuia wapinzani na wanaanza watano, wanasoma video chumba kimoja kidogo, wanakula meza moja, wanapanga nyumba moja. Mmoja akiumwa unapoteza wote, na bila hao watano hakuna timu, na ukiweka watoto wa mwaka wa kwanza wasio na nguvu badala yao mtu ataumia vibaya siku ya mechi. Hii ndo sehemu ya usalama ambayo watu hawakuiongelea sana.

Kwa hiyo sikuanzia uwanjani. Uwanjani kila mpira unapoanzishwa mchezo ni wa sekunde chache, watu wanagongana alafu wanaachana, na upo nje kwenye hewa. Nilianzia chumbani. Nilichukua orodha ya nani anaishi na nani, ndani na nje ya kampasi, nikakuta karibu kila nyumba ni watu wa nafasi moja, maana vijana wanazoeana kwenye mazoezi wanaishia kupanga pamoja. Tulikaa na mganga mkuu wa timu tukawahamisha wale waliokubali, anayeanza asiishi na anayemsubiri nafasi yake. Waliokataa hatukuwalazimisha, ila tuliwatenganisha kwenye kila kitu kingine.

Mikutano tukaitoa kwenye vile vyumba vidogo tukaipeleka kwenye ukumbi wa mazoezi wa ndani, milango ile mikubwa imefunguliwa, viti vimewekewa alama chini kwa tepu. Kocha wa mstari wa mbele hakupenda, alisema vijana wake wanaelewa wakiwa wamebanana mbele ya skrini moja wanauliza maswali, na kusema kweli alikuwa na pointi, ufundishaji ulipungua. Ila alikuja kukubali. Kwotabeki, yaani yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi, tulikuwa nao wanne, nikamtoa mmoja kabisa, huyo alikuwa anafuata mikutano kwa Zoom, anakula peke yake na anafanya mazoezi pembeni. Kijana wa watu alijiona kama ametengwa na nilimpigia simu kila jioni kumuuliza siku imeendaje. Novemba 29 Denver Broncos kwenye ligi ya kulipwa walicheza bila kwotabeki hata mmoja sababu ya karantini, wakamweka Kendall Hinton ambaye kwao alikuwa mpokeaji, yaani mdaka pasi, wakafungwa 31-3. Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini yule wa nne yupo peke yake.

Kuna nafasi nyingine watu huwa hawaikumbuki, yule anayeinama anaurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake umfikie mpiga shuti. Hicho kitu huwezi kumfundisha mtu Ijumaa acheze Jumamosi. Tulikuwa nao wawili tu na walikuwa marafiki wakubwa, wanakuja mazoezini gari moja. Niliwaomba waje kila mmoja kivyake, na mmoja hakuwa na gari, kwa hiyo tukamtafutia baiskeli, na mtu wa vifaa akawa anamvusha siku za baridi kwenye pikapu, yeye amekaa siti ya nyuma, barakoa, vioo vimeshushwa, Novemba ya Midwest hiyo jamani.

Kwenye mabasi kila mtu alikuwa na siti yenye namba ya jezi yake, kwenda na kurudi ileile, na mi napita napiga picha za simu kabla basi halijaondoka ili mtu akikutwa na ugonjwa Jumatatu tusianze kubishana nani alikaa wapi.

Mmoja wa vijana wa mwaka wa kwanza alikutwa nayo wiki ya pili. Hakuumwa sana, mafua na kukosa ladha, ila kusubiri MRI ndo kulimtesa. Nilikuwa nampelekea chakula mlangoni, naweka chini narudi nyuma tunaongea kwa umbali. Mama yake alinipigia, hakuuliza chochote kuhusu mechi, aliuliza kama nitakuwepo siku akisomewa majibu. Nikamwambia nitakuwepo, na nilikuwepo. Moyo ulikuwa safi. Hawa vijana wakati huo walikuwa hawaruhusiwi kulipwa hata kwa jina lao, hiyo ilikuja Julai 2021, kwa hiyo kumpima kijana moyo kabla ya kumrudisha uwanjani ilikuwa haki yake, na aliyeamua kukaa nje msimu mzima alibaki na ufadhili wake wa masomo. Mmoja wetu alikaa nje sababu anaishi na bibi yake na mi nilimuunga mkono waziwazi.

Kitu ambacho sikukubaliana nacho mpaka leo ni ratiba. Ligi ilitupa mechi 8 wiki 8 bila wiki ya kupumua, mechi ikifutwa imefutwa, na ndo ilivyofutwa hata ya Ohio State na Michigan ya Desemba 12. SEC walianza Septemba 26 na wakaacha wikiendi ya Desemba wazi kwa ajili ya mechi za viporo. Sisi wiki moja wapinzani walipata wagonjwa wengi tukaambiwa katikati ya wiki hakuna mechi, na vijana walikuwa wamejifungia siku zote hizo.

Msimu ulipoisha tuliacha tepu za viti na siti za namba. Vilivyobaki ni chupa ya maji ya kila mtu yenye namba yake, mikutano mikubwa kwenye ukumbi wa wazi wakati wa mafua, na ule utaratibu wa vyumba, kwamba anayeanza haishi na anayemsubiri.