Alikisikia Kikaango Kutoka Sebuleni

"Punguza moto," Mama aliniambia kutoka sebuleni. "Hizo soseji zinapiga kelele."

Hakuwa anakiona kikaango. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mguu wa kushoto umefungwa plasta na kupandishwa juu ya stuli, na kati yetu palikuwa na ukuta na mlango ulioachwa wazi. Lakini alikuwa sahihi. Niliinama kuutazama moto wa gesi nikakuta umepanda hadi unalamba kingo za kikaango. Nikaushusha. Mlio ukabadilika palepale: ule wa mvua ikipiga bati ukapungua, ukabaki mnong'ono.

"Hapo," alisema. "Uache hapo hapo."

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 18 Desemba 2010, katika mji wa Bury, kaskazini mwa Manchester. Waliokuwa Uingereza mwezi ule hawajausahau; haikuwahi kutokea Desemba ya baridi kama ile kwa miaka 100 na zaidi. Theluji ilianguka, ikaganda njiani, ikawa kama kioo. Mama aliteleza mwanzoni mwa mwezi alipotoka kuokota chupa ya maziwa mlangoni, akavunjika kifundo cha mguu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nimepanga chumba cha juu katika nyumba yake, na kila asubuhi nilipanda tramu kwenda chuoni Manchester.

Yeye alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Nilijaribu kwa siku kadhaa nikashindwa. Mtu aliyezaliwa mwaka 1934, ninayeweza kuwa mjukuu wake, nimwite kwa jina kavu kama mtoto mwenzangu wa darasani? Nikamwomba ruhusa ya kumwita Mama. Alifikiri kidogo, akasema sawa. Mimi aliniita "love", kama watu wa Lancashire wanavyomwita kila mtu, awe dereva wa basi au muuza magazeti, na mwezi wa kwanza neno hilo lilinifanya niangalie pembeni kwa haya.

Kila Jumamosi, tangu nihamie pale Septemba, alikuwa akipika kile kifungua kinywa chao cha kukaanga. Siku nyingine zote alikula kipande cha mkate na jemu tu. Jumamosi ilikuwa jambo jingine. Sasa Jumamosi mbili zilikuwa zimepita nikimpelekea uji wa shayiri na chai, akila bila kulalamika, lakini nilimwona akigeuza macho kuelekea jikoni. Alhamisi jioni nikamwambia: keshokutwa nitapika mimi. Aliniuliza kama najua. Nikasema mayai najua, soseji najua, kuna nini tena?

Akaomba kalamu na karatasi.

Ijumaa nikaenda soko la Bury na orodha yake. Soseji nene za nguruwe, nne. Bekoni kutoka kwa mchinjaji, vipande vipana vya mgongo vilivyokaushwa kwa chumvi. Alikuwa ameandika na kupigia mstari kwamba nisichukue ile ya pakiti iliyotiwa maji, kwa sababu ikiingia kikaangoni hutoa povu jeupe na kuchemka badala ya kukaangika. Uyoga, nyanya mbili, kopo la maharage, mkate usiokatwa. Na soseji ya damu, ambayo ndiyo sifa ya mji ule. Bury wanaiuza hapo hapo sokoni, nyeusi kama lami, imechemshwa na bado ya moto, inapasuliwa na mtu anaila amesimama, kwa haradali au siki.

Muuzaji alinitazama, akaniuliza kwa upole kama najua imetengenezwa kwa nini. Nilijua. Damu ya nguruwe, nafaka, vipande vya mafuta, viungo. Nilitamani kumweleza kwamba mimi ni mtu wa Marangu, Kilimanjaro, kwamba siku ya kuchinja mbuzi nyumbani kwetu baba na ndugu zake walikinga damu kwenye bakuli, wakaikoroga isigande, na jioni tukanywa kisusio cha moto, ule mchuzi wa nyama uliotiwa damu. Kwamba mama yangu aliletewa kisusio kila alipojifungua ili arudishe nguvu. Lakini foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wakitetemeka kwa baridi. Nikasema tu najua, nikachukua mbili.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikawasha jiko. Kosa langu la kwanza ndilo hili: nilianza na mayai.

Kwetu nimezoea chakula kinachosubiri watu. Mtori ukikaa nusu saa jikoni haupotezi kitu. Ndizi za machalari zikilala hadi kesho yake, ndiyo kwanza zinanoga. Kwa hiyo nilifikiri nitapika kimoja kimoja, nipange sahanini, mwisho nipeleke. Nilivunja mayai mawili, yakadondoka kwenye mafuta.

"Hayo ni mayai?"

"Ndiyo, Mama."

Kimya kidogo. "Yatoe. Yatie katikati ya vipande viwili vya mkate, ule ukiwa umesimama hapo hapo. Halafu tuanze."

Nilitaka kumwambia nitayaweka pembeni, au hata nitayatupa, ni mayai mawili tu. Namshukuru Mungu sikusema. Bekoni ilipoanza kutolewa kwa mgawo wakati wa vita, Januari 1940, yeye alikuwa na miaka 5. Mgawo ulipokwisha Julai 1954 alikuwa na miaka 20. Utoto wake wote na ujana wake ulipita kwenye kile kitabu cha kukatia kuponi, yai moja kwa wiki kwa mtu, na bekoni ambayo mama yake aliipima kwa macho mezani kabla ya kuigawa. Aliyasimulia hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kupitia mlangoni, huku nikitafuna mkate wangu wa mayai mbele ya jiko. Chakula chake cha Jumamosi nilikielewa pale. Kwa watu wa rika lake, sahani ile iliyojaa haikuwa mazoea. Kuna miaka ambayo haikuwezekana.

Ndipo akaanza kuniongoza.

Soseji kwanza, moto mdogo, dakika 20 na zaidi, na nisizitoboe kwa uma. Nizigeuze, nizigeuze tena, hadi ziwe za kahawia pande zote. Oveni iwe na moto wa chini kabisa, sahani ziwe ndani yake, kwa sababu sahani baridi huua kila kitu kinachowekwa juu yake. Bekoni ifuate zikikaribia kuiva. Uyoga nao, kikaango kidogo pembeni. Nyanya zikatwe katikati, zilale kifudifudi. Maharage sufuria ndogo, yasichemke kwa fujo.

Maharage hayo hakuyapenda sana sahanini. Yalitengenezwa jirani tu, Wigan, kwenye kiwanda kikubwa kilichofunguliwa mwaka 1959, na watu wa huko walijivunia, lakini yeye aliyataka kwenye bakuli dogo peke yake, mchuzi wake usije ukagusa yai. Nikakubaliana naye mara moja, na hadi leo nakubaliana naye.

Soseji ya damu niliikata vipande vya unene wa kidole. Nilipoviweka kwenye mafuta ya bekoni, harufu iliyopanda ilinifanya nisimame tuli na koleo mkononi. Haikuwa harufu ya kisusio hasa. Hii ilikuwa na pilipili manga na nafaka iliyoungua kidogo. Lakini chini yake palikuwa na ile harufu nzito ya chuma ambayo mtu akiijua utotoni haimtoki. Nje ya dirisha la jikoni barafu ilikuwa imening'inia kwenye bomba la mvua, urefu wa mkono wangu, nami nilikuwa Marangu kwenye uwanja wa nyuma, nimechuchumaa karibu na mafiga.

"Vigeuze," sauti ikaniambia. "Vimenyamaza."

Kweli vilikuwa vimenyamaza. Nikavigeuza, upande wa chini umeshika ukoko mgumu, mweusi unaong'aa. Nikaanza kusikiliza mimi mwenyewe tangu hapo. Bekoni huanza kwa kelele na hupungua maji yanapoisha. Uyoga hulia, hunyamaza ukitoa majimaji yake, halafu hulia tena, na ule mlio wa pili ndio wa kusubiri. Mkate ukitumbukizwa kwenye mafuta hunyonya yote kwa pumzi moja na kukaa kimya, kisha huanza kutatarika kwa sauti nyembamba. Hapo geuza haraka.

Mayai yakaja mwisho kabisa, kila kitu kingine kikiwa ndani ya oveni. Aliniambia niinamishe kikaango kidogo, nichote mafuta ya moto kwa kijiko, niyamwagie juu ya yai. Ute uliokuwa kama maji ukawa mweupe mbele ya macho yangu, kijiko kwa kijiko, na kiini kikavaa utando mwembamba lakini ndani kikabaki laini. Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri zaidi kikitokea kwenye kikaango.

Nilimpelekea kwenye trei, pamoja na chai nzito ya maziwa na ile chupa ya sosi ya HP yenye picha ya Bunge la Uingereza. Nikaleta sahani yangu nikaketi kwenye kochi. Hakusema neno. Alipasua kiini kwa ncha ya mkate wa kukaanga, akakiacha kitiririke juu ya soseji ya damu, akala hicho kwanza. Alikula polepole sana, mwanamke mdogo wa mwili, akamaliza kila kitu, akafuta sahani kwa mkate hadi maua yaliyochorwa chini yake yakaonekana.

Ndipo nikamsimulia kuhusu kisusio. Aliniuliza maswali kama mpishi: damu inakorogwa kwa muda gani, inatiwa lini kwenye nyama, inaganda au inabaki mchuzi. Akaniuliza anayeletewa ni mwanamke aliyejifungua tu, au hata aliyevunjika mguu. Nikamwambia aliyevunjika mguu naye apewe.

"Basi kwa nini ulinunua mbili tu?" akasema.

Nikakusanya vyombo. Nilikuwa nimefungulia maji ya moto kwenye sinki na nimeshika kikaango kwa mpini wakati sauti yake iliponifikia tena, kwa haraka kidogo safari hii.

"Love, mafuta hujayamwaga?"

"Hapana, Mama. Nimeyachuja. Yako kwenye kikombe, nimefunika kwa kisahani."

Nilisikia kiti chake kikilia alipoegemea nyuma.

"Basi Jumamosi ijayo tuna pa kuanzia."