Amplifaya ya Valvu Inakwaruza: Anza na Pini ya 8

Kwa mpigaji wa solo la dansi, mtindo wa Sikinde au Msondo, gitaa linatakiwa lilie safi, kila nota isikike peke yake. Sasa umejiundia amplifaya ndogo, tuseme ya valvu ya 12AX7 inayokuza sauti ya gitaa kwanza, 6V6GT inayosukuma spika, na rektifaya ya 5Y3 inayogeuza AC kuwa DC, na hata volyumu ikiwa chini sauti inapasuka. Wengi hapo hukimbilia kuagiza valvu mpya. Inafika, wanaichomeka, na inakwaruza vilevile. Valvu ndiyo inayoonekana ikiwaka, kwa hiyo ndiyo inayosingiziwa.

Tahadhari kwanza. Humo ndani mna volti 300 na zaidi, na kapasita huendelea kuzishika hata plagi ikiwa imechomolewa. Zima, chomoa, gusisha rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 kati ya chanya ya kapasita kubwa na chasisi, yaani fremu ya chuma, kwa sekunde kumi, kisha hakikisha kwa mita kuwa zimebaki chini ya volti 10. Ukipima ikiwa imewashwa, bana klipu nyeusi kwenye chasisi, tumia mkono mmoja, mwingine uwe mfukoni. Na usiiwashe bila spika, utaunguza transfoma ya spika.

Badilisha waya wa gitaa, jaribu spika nyingine. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Ikisugua, koili inagusa sumaku, na sakiti haina kosa.

Sakiti ikibaki mshukiwa, weka mita kwenye DC upime pini ya 8 ya 6V6 hadi chasisi. Hiyo ndiyo kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni. Rezista ya kathodi ikiwa omu 470, volti 20 ni mkondo wa miliamperi 42 hivi. Plati, inayozipokea, ikiwa juu ya kathodi kwa volti 290, ni wati 12, hapo sawa. Ukikuta volti 28, mkondo umefika karibu miliamperi 60 na wati zimepita 17, wakati valvu hii hubeba 12 hadi 14, kutegemea jedwali unalosoma. Zima taa ya chumbani uangalie: plati inaweza kuwa inaiva nyekundu.

Mara nyingi chanzo ni volti chanya zilizoingia kwenye gridi, pini ya 5, inayopokea sauti na kuongoza mkondo wa valvu. Kapasita ya nanofaradi 22 inayotoka plati ya 12AX7 inapaswa kupitisha sauti na kuzuia DC. Ikivuja mikroamperi 14 tu, rezista ya gridi ya kilo-omu 220 inapata volti 3, na 6V6 yote inahama mahali pake pa kufanyia kazi. Kapasita za karatasi zilizong'olewa kwenye redio za zamani zina sifa hiyo. Zinapendeza kwa macho, ziache.

Kuthibitisha ni rahisi. Zima, chomoa 6V6, washa tena, pima pini ya 5 kwenye soketi tupu. Volti kuu zitapanda kidogo, hiyo ni kawaida. Gridi inatakiwa isome sifuri au milivolti chache. Zikionekana volti hata bila valvu, nyanyua mguu wa kapasita ulio upande wa gridi. Zikipotea, weka kapasita mpya ya polipropilini ya volti 630. Zisipopotea, uvujaji uko kwenye bodi yenyewe, na hapa Dar jambo hilo si la ajabu: masalia ya fluksi, dawa ya kulehemia, hufyonza unyevu, hasa wakati wa masika, na kuvusha volti kutoka nukta moja hadi nyingine. Sugua kwa mswaki na spiriti ya isopropili, kausha vizuri, pima tena. Gridi ikisoma sifuri bila valvu lakini ikapanda chanya valvu ikirudishwa, hapo sasa valvu imeingia gesi. Nunua nyingine kwa haki.

Kuna mkwaruzo mwingine, kama mchanga unaofuata mkia wa nota. Chomoa gitaa, weka mita kwenye pini ya 8, pandisha volyumu polepole. Volti zikihama wakati hakuna sauti inayoingia, amplifaya inajipigia yenyewe kwa masafa usiyoyasikia. Rezista ya kilo-omu 1.5 ilehemiwe kwenye pini ya 5 yenyewe, si katikati ya waya; waya wa plati ukae mbali na nyaya za gridi. Kama kuna waya wa kurudisha sauti kutoka spika, ukate kwa muda: sauti ikipungua badala ya kuongezeka, ulikuwa umegeuza. Badilishana nyaya mbili za transfoma ya spika zilizo upande wa spika.

Kiungo cha risasi kilichopoa vibaya kisake kwa kugonga sehemu moja moja kwa kijiti cha mshikaki. Cha mti, kikavu. Cha chuma kitakuua.

Ukisikia kila nota inaburuta nota ya pili isiyo ya wimbo, pamoja na mngurumo wa hezi 100, angalia kapasita za kuchuja. Weka mpya za volti 450. Ya kwanza baada ya 5Y3 isizidi mikrofaradi 20, la sivyo unaichosha rektifaya.