Nilivyoiunda baiskeli yangu ya milima na kuwakwepa washauri

Ukitaka washauri wa bure jijini Dar es Salaam, simama kituo cha daladala ukiwa umeshika fremu tupu ya baiskeli. Wapo watakaokuuliza umeiokota wapi, na waliobaki watakufundisha namna ya kuiunda. Laiti ningeshika yote niliyofundishwa, baiskeli yangu ya milima ingeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla haijaona kilima.

Fremu yenyewe ni ya alumini, na ililetwa na ndugu yangu aliyekuwa akirejea kutoka Uingereza. Magurudumu ni ya inchi 29, gia za nyuma ni 12, sproketi ya mbele ni moja tu yenye meno 32, na foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ina shokapu ya upepo yenye mwendo (kina inachoweza kuzama) wa milimita 140. Vitu vidogo vidogo, kama nyaya, vishikio vya mikono na kiti, nilivipata Kariakoo. Jumla yake ilivuka milioni tatu na ushee. Hesabu kamili sikuiandika popote, kwa sababu nyumbani kwetu kila kilichoandikwa husomwa.

Ushauri wa kwanza kuniudhi ulitoka kwa kijana aliyekuwa akinishikia fremu wakati wa kufunga beringi za mhimili wa pedali. Kikombe cha beringi cha upande wa kulia kiligoma kuingia alipokijaribu, naye akaleta bomba la chuma la kurefushia spana, akiapa kwamba kitu kikaidi dawa yake ni nguvu. Nilimnyang'anya spana. Fremu yangu ina uzi, yaani mikato ya skrubu, wa kiwango cha Kiingereza, ambao upande wa kulia, palipo na sproketi, hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa, sawa na pedali ya kushoto. Nilipaka grisi, nikakizungusha kwa vidole, kikaingia bila ubishi. Vidole visipoweza kukianzisha kikombe, spana isiguswe kabisa.

Mwingine, huyu akiwa nyuma ya kaunta ya duka la vipuri, alitaka nijazie breki zangu mafuta ya breki ya gari, DOT 4, eti breki ni breki. Breki zangu ni za diski, za kampuni ya Shimano, nazo hutumia mafuta maalumu ya madini, na DOT ikiingia humo huharibu mipira ya ndani mpaka mkono wa breki unalegea na mafuta yanavuja. Zipo breki za watengenezaji wengine zinazotaka hiyo hiyo DOT. Kwa hiyo soma maandishi yaliyo kwenye breki yenyewe, usisome uso wa muuzaji.

Lakini kazi iliyonipa raha, ambayo nitaisimulia mpaka wajukuu wanikimbie, ni kufunga matairi yasiyo na tyubu. Faida yake ni kwamba unatembea na upepo mdogo bila hofu ya tyubu kubanwa na rimu ikapasuka, na mwiba mdogo ukiingia, dawa ya pancha iliyomo ndani huziba tundu yenyewe. Ugumu uko mwanzoni: tairi jipya lililotoka kwenye pakiti likiwa limekunjwa haligusi kingo za rimu, kwa hiyo upepo wote wa pampu ya mkono hutokea pembeni. Nilipiga pampu mpaka fulana ikalowa, na tairi likabaki limenyong'onyea vile vile. Jirani akashauri nibandike gundi. Nikamshukuru, nikalibeba gurudumu hadi kwa mzee wa pancha aliye karibu na sheli.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaligeuza gurudumu huku na huku na kucheka. "Hili ni la gari tu, mwanangu, ila limekonda." Akaokota ukanda wa tyubu kuukuu, ule ule ambao watu hufungia mizigo, akauzungusha katikati ya tairi juu ya meno yake, akaukaza kwa kusokota kijiti. Tairi lilipobanwa katikati, kingo zake zilitanuka pande zote mbili zikagusa rimu. Mimi nilikuwa nimeshang'oa kiini cha valvu ili upepo upite kwa wingi, na nimepaka povu la sabuni pande zote. Akaibana bunduki ya upepo kwenye valvu na kuifyatua. Tairi lilipoanza kuvimba akaulegeza ukanda, tukasikia pa! kisha pa! ya pili, kingo zote mbili zimekaa. Baada ya hapo nilimimina dawa kupitia tundu la valvu, nikarudisha kiini, nikajaza tena, nikalizungusha na kulilaza kila upande. Mzee alitaka elfu moja. Nilimpa tano, naye akauliza la nyuma liko wapi.

Kwa joto letu dawa hiyo hukauka ndani ya miezi michache. Litikise gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji, ongeza.

Likaja suala la kiasi cha upepo, na hapa washauri waliungana: tairi halijajaa mpaka kidole kiume. Kwenye lami ya Barabara ya Nyerere huenda wana hoja. Kwenye vijia vya vilima vya Pugu, penye mizizi, kokoto na mchanga, tairi gumu hurukaruka tu na haling'ati ardhi. Mimi nina kilo 78 na matairi ya upana wa inchi 2.4, mbele naweka paundi 22, nyuma 25. Foku nayo ina upepo wake, na hupimwa inavyozama ukiwa umevaa begi lako na maji yako, mtu amekushikia baiskeli: shusha kipete cha mpira kilicho kwenye mguu wa foku, panda taratibu, shuka, upime kilipofika. Yangu huzama milimita 35, yaani robo ya mwendo wake. Tumia pampu ya shokapu tu. Kompresa ya sheli usiisogeze hapo, kwani chumba cha upepo cha foku ni kidogo mno.

Nilipoifikisha Pugu kupitia Gongo la Mboto, alfajiri kabla ya malori, niliteremka nikiwa nimeshika breki kwa kidole kimoja kila upande, na gurudumu la mbele halikuteleza hata kwenye mchanga. Kupanda ndiko kulikonionyesha kwamba meno 32 ni mengi kwa mapaja yangu. Nimeshaagiza sproketi ya meno 30, na huenda mnyororo ukapunguzwa pingili.