Pampu iliyokuwa nzima

Jumapili, saa nne usiku.

Nimenawa kwa sabuni ya unga mara mbili, mikono bado inanuka petroli na shombo la samaki. Nayaandika haya kabla sijalala, maana kesho gereji ikishafunguliwa zitaanza kelele za wateja na nitajikuta nimeyaacha nyuma.

Jumatano iliyopita mama mmoja anayeleta sato kutoka upande wa Sengerema kuja soko la samaki la Mwaloni Kirumba alinifikia hapa gereji, Nyakato, Mwanza. Gari lake linazima njiani, akasema, likipumzika nusu saa linawaka kama vile halijawahi kuumwa. Nikafungua swichi bila kupiga stata, nikatega sikio kwenye kiti cha nyuma, ambako chini yake ndiko pampu inakaa. Pampu ya mafuta ikalia kwa unyonge sekunde mbili, ikanyamaza. "Mama, pampu imechoka," nikamwambia. Sikupima chochote. Pampu zilizochoka huwa zinazima zikipata moto, nimeziona nyingi, nikaona na hii ni miongoni mwao. Akatoa 180,000 ya pampu na 30,000 ya ufundi, noti nyingine zina unyevu wa barafu. Nikafunga, gari likaunguruma vizuri, akaondoka ananiombea baraka.

Leo saa moja asubuhi simu ikaita. Gari limezima Usagara, sato wamo ndani. Hakufoka. Alisema tu, "Fundi, mwanangu, ni lile lile."

Nilimchukua kijana wangu tukapanda bodaboda. Tulipofika, mama alikuwa ameshakodi kirikuu na samaki wanahamishwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba bila kunitazama, huku anasukuma boksi la mwisho. Gari lenyewe lilikuwa limeshapoa, likawaka kwa stata moja.

Tulipolifikisha gereji, kijana akakimbilia kwenye boksi la fyuzi. Fyuzi ilikuwa nzima. Akashika rilei ya pampu, ile swichi ndogo inayojiwasha kwa umeme na kuipelekea pampu moto, nikafungua swichi, akasema, "Fundi, rilei haina shida, inapiga tik." Hapo nikamkalisha, maana hata mimi nilidanganywa na hiyo tik miaka mingi. Rilei ile ina miguu minne. 85 na 86 ni ya koili, 30 inapokea umeme wa betri, 87 inaupeleka kwenye pampu. Tik inakwambia kwamba koili imevuta, basi. Vidole vya ndani vinavyounganisha 30 na 87 vikiwa vimeungua na haviupitishi umeme wa kutosha, tik utaisikia vilevile. Rilei ya honi kwenye gari lile ina miguu na mpangilio uleule, tukazibadilishana. Honi ikapiga kwa nguvu zake zote kwa kutumia rilei ya pampu, na pampu ikaendelea kulia kinyonge kwa rilei ya honi. Rilei tukaachana nayo.

Tukatoa kiti cha nyuma. Kijana akachomoa soketi ya pampu, akapima kwenye ile soketi tupu injini ikiwa imezimwa na swichi imefunguliwa: volti 12.4, wakati betri ina 12.5. Akanitazama kama mtu aliyemaliza kazi. Nikamwambia wale vijana wanaobeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, ukimtazama mtu amesimama mikono mitupu huwezi kujua ana mgongo mbovu. Mtwishe gunia ndiyo utajua. Waya nao ni hivyohivyo. Mita haivuti karibu chochote, kwa hiyo hata waya uliobaki na uzi mmoja unaopitisha utasomeka volti 12. Pampu ndiyo gunia, inavuta ampia kadhaa.

Basi tukairudisha soketi, tukachomeka ncha za mita kwa nyuma yake, tukawasha injini na kuiacha ingurume. Mwanzoni pampu ilikuwa inapata volti 11 na ushee. Tukakaa. Baada ya dakika arobaini injini ikaanza kukohoa, na mita ikasoma 9.8 wakati kwenye betri kuna 14.0. Volti 4.2 zimepotelea njiani, na zimepotelea wapi, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa pampu unaopeleka umeme: 0.4. Hiyo ni ya kawaida kwa gari la umri ule. Ncha moja kwenye waya wa ethi wa pampu, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, na nyingine kwenye hasi ya betri: 3.8.

Tukaufuata ule waya wa ethi kwa mkono, chini ya zulia, hadi boliti iliyofungwa kwenye bodi. Zulia lilikuwa chepechepe. Boliti yenyewe ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na nilipokigusa kichwa cha waya kilikuwa cha moto. Maji ya barafu yenye damu ya samaki yamekuwa yakichuruzika pale, safari kwa safari. Zamani alikuwa anakaa foleni ya kivuko na injini inapoa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, zile kilometa tatu anazipita kwa dakika chache na kuendelea moja kwa moja. Pengine ndiyo maana ugonjwa umejionyesha sasa.

Na kwa nini lilitulia siku tatu nilipobadilisha pampu? Nadhani ni kwa sababu wakati nalitoa lile zulia Jumatano niliuvuta ule waya bila kuutazama, kichwa chake kikajikwaruza kwenye bodi, kikapata mahali papya pa kushika. Nilitibu bila kujua na nikajisifu kwa dawa nyingine.

Tulikata kichwa cha waya, tukafunga kipya, tukapiga msasa bodi mpaka chuma cheupe, boliti mpya, grisi juu. Tukawasha tena, dakika arobaini tena. Ethi: 0.1. Kwenye pampu: 13.5.

Kisha nikafanya jambo ambalo lilikuwa linanisumbua tangu Usagara. Pampu ya zamani ilikuwa bado imelala kwenye kopo chini ya meza. Nikaitoa nje mbali na magari, nikaitumbukiza kwenye ndoo yenye petroli kidogo, nikafunga nyaya ndefu za kutosha ili cheche ya kuunganisha iwe mbali na ndoo, nikagusisha kwenye betri. Ikanguruma. Ikatema petroli kwa nguvu mpaka mpira ukaruka. Kijana akacheka kwa furaha, halafu akaniangalia usoni akanyamaza.

Mama alikuja saa kumi na moja jioni. Nikamwambia, "Mama, pampu yako haikuwa na tatizo. Nilikosea mimi." Nikamrudishia 30,000, na kazi ya leo sikuidai. Ile 180,000 duka halitaipokea pampu iliyokwisha kufungwa, nikamwahidi nitailipa kidogokidogo. Alikaa kimya muda mrefu akiitazama ile boliti mpya. Akauliza, "Hii ya zamani inafanya kazi?" Nikasema inafanya. "Basi nifungie kwenye mfuko, nikae nayo kwenye buti." Halafu akauliza turubai la kutandika chini ya maboksi linauzwa bei gani. Nikampa langu.

Alfajiri anavuka kwenda Sengerema. Nimemwomba akirudi, akipita Usagara, anibipu. Simu nimeiweka karibu na mto, chaji imejaa.