Sato wangu walivyozaana kama panya, na kambale 40 walioniokoa

Nianze na jirani yangu mmoja hapa Buswelu, Mwanza, ambaye mpaka leo anadhani ananidai shukrani. Ndiye aliyeniambia, "Bwawa halitaki elimu, linataka mbolea." Nikamwamini. Yeye ana ng'ombe saba, mimi nilikuwa na shimo lenye maji.

Shimo lenyewe mita 10 kwa 20, vifaranga 600 vya sato. Habari za kuchimba siwachoshi. Mwezi wa tano nikitupa pumba maji yanachemka kwa samaki, nikampigia shemeji yangu Geita kumwambia umaskini basi. Kumbe ni watoto na wajukuu! Sato hachelewi kuzaa, na jike hutunza mayai na vifaranga mdomoni, kwa hiyo wanapona wengi. Chakula cha mia sita kikawa kinagombaniwa na maelfu, na wale wa kwanza wakadumaa saizi ya kiganja.

"Wana njaa hao, ongeza mbolea," jirani akasema. Nikamwaga viroba vitatu vya mbolea ya kuku kwa siku moja. Ndani ya wiki maji yakawa kijani zito kama mlenda. Nikapiga picha, nikatupia WhatsApp, watu wakanipongeza. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nakuta samaki wote wako juu, wanapigapiga midomo. Jirani akachungulia: "Njaa tu." Nikamwaga pumba! Kufika saa mbili nimeshajaza beseni mbili za mizoga, nikabaki na sato wakubwa kama 400 hivi.

Mbolea ilikuwa imelisha mwani, vile vijimea vinavyofanya maji yawe kijani. Mwani mchana unatoa oksijeni, lakini usiku nao unaivuta kama sisi, na ukizidi, alfajiri samaki hana pa kupumulia. Pumba iliyooza ikaongeza bakteria, nao wanataka hewa hiyohiyo. Siku hizi natumbukiza mkono wima. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwikoni, mbolea naiacha stoo na kuingiza maji mapya.

Lakini wale watoto? Nilichota kwa chandarua, baada ya wiki tatu wamejaa tena. Na aibu yangu kubwa ni hii: muda wote huo nilikuwa namlipa kijana buku mbili kwa siku afukuze mdiria. Ndege anakula vifaranga bure, mimi natoa hela asile. (Mnandi, ndege mpiga mbizi, mfukuzeni, yule hachagui mkubwa wala mdogo.)

Mama yangu, aliyeuza samaki soko la Mwaloni Kirumba miaka mingi, ndiye aliyeuliza: "Mbona ziwani sato hawajazani hivi? Si kuna wa kuwala?" Nikasema basi naleta kambale. Akang'aka. Yeye aliwakuta furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kila rangi, wa kula mwani, wa kula konokono, wa kula wadudu. Sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliingizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na miaka ya 1980 furu wakaporomoka, aina nyingi hazikuonekana tena. "Unataka sangara wako nyumbani?"

Sikumbishia. Ila bwawa nitalikausha siku ya kuvuna, ziwa halikaushwi. Nikaenda kununua kambale 40, mmoja kwa sato kumi, nikiwa na rula ya mtoto ya shule. Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini. Nilikataa kila aliyezidi urefu wa kidole, maana kambale hamezi kisichoingia mdomoni. Akiwa mdogo anaweza kifaranga tu, sato wangu wa kiganja wanampita pembeni. Hela yote haikufika laki, na nauli ndani.

Miezi sita baadaye nikavua sato wa kujaza sahani, na kambale juu yake. Mama alikula wa kwanza, akalamba vidole, akasema mnono lakini hamfikii furu.

Jirani naye alikuja juzi kuomba kambale. Anataka wale wakubwa kabisa, eti waanze kazi haraka. Nimempa rula.