Siku niliyouza Carina Ti yangu, Tanga

Saa 11 alfajiri
Nimeamka kabla ya adhana, usingizi ulikata tangu saa 9. Leo anakuja mteja kutoka Muheza kuangalia gari. Carina Ti ya 1999, injini 5A, cc 1500, namba ya usajili ya herufi B, nimepiga nayo teksi miaka 11 na watoto wangu watatu wamesomeshwa na hii gari, mnielewe nikisema sikulala.

Saa 12 na nusu
Injini ingali baridi nikafungua mfuniko wa rejeta inayopoza maji ya injini, maji yamepungua kama nusu lita toka jana na chini pakavu, hakuna hata tone. Maji yakipungua bila kuvuja nje ujue yanaingia ndani ya injini. Nikafungua mfuniko wa oili, kwa chini una utando rangi ya chai ya maziwa, nikaupangusa na kidole nikauangalia weee. Gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, imekwisha. Nikiwasha unatoka moshi mweupe na haukati hata gari ikishapata moto.

Kosa ni langu. Miaka yote najaza maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, kutu ikaziba rejeta, gari ikaanza kuchemsha, afu fundi mmoja akasema tutoe thamostati, ile inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, eti gari ipate kupoa, nikamkubalia. Jamani msikubali, ukiitoa injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta zaidi, na rejeta bado imeziba vilevile.

Saa 2
Kijiweni Tangamano. Abiria wawili wamenifuata nikawapa mwenzangu, siwezi kupakia mtu kwenye gari ya kumlaza njiani.

Saa 3 na nusu
Dalali kaja. "Kaka, mwaga kwenye rejeta dawa ya kuziba mvujo, tia oili nzito, osha injini. Itatulia wiki mbili, keshalipa huyo." Nikamwambia hapana. Yule mteja kanieleza kwenye simu anataka gari ya kumshusha mama yake kutoka Amani kuja kliniki, na ile njia ya Amani naijua mimi, vumbi na milima, mama wa watu akwame porini kwa sababu yangu? Dalali kanuna, basi.

Saa 5
Mteja kafika, ni mwalimu, kijana mdogo tu, kaja na fundi wake. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kabla hujaizunguka njoo huku mbele kwanza." Nikamfungulia mfuniko wa oili nikamwonyesha ule utando, nikamwonyesha na vizingiti vya milango vilivyoliwa na kutu, maana nakaa Sahare na chumvi ya bahari haiachi bati salama. Shokapu za nyuma nazo zimekufa. Fundi wake akaniangalia kama haamini, afu akaingia uvunguni mwenyewe. Gia boksi haishtuki, stelingi raki nzima, hapo nilifurahi.

Nilitaka milioni 4 na laki 5. Fundi akahesabu kwa vidole: kupitisha hedi mashine inyooke, seti ya gasketi, rejeta, thamostati, shokapu mbili. Tukavutana mpaka adhuhuri, tukafunga kwa milioni 3 na laki 4. Imeniuma, ila hesabu yake ilikuwa ya haki.

Saa 8
Kwa wakili, mkataba wa mauziano, kopi za vitambulisho, TIN, kadi ya gari. Kuangalia deni la trafiki nikakuta faini mbili, 60,000, nikalipa palepale kwa simu. Umiliki tumekubaliana kesho hiyohiyo tunaenda TRA, maana kadi ikibaki na jina lako faini za mwenzio zinakuja kwako. Na namba zangu nyeupe za biashara, yeye anataka za njano za gari binafsi.

Saa 11 jioni
Nimetoa vitu vyangu kwenye gari. Chini ya kiti cha nyuma nimeokota raba ya kufutia ya binti yangu wa mwisho, ina alama za meno, na yeye sasa yuko chuo. Nikakaa humo kidogo, milango imefungwa.

Mwalimu alitaka kuondoka nayo nikamkatalia, mpaka Muheza hedi itapinda kabisa. Tumeiacha gereji Ngamiani. Fundi anafungua hedi kesho saa 2 asubuhi, mwalimu akaniuliza, mzee utakuwepo? Nimemwambia nitakuja, na dumu la kulanti nitanunua mimi.