Siku Moja Maishani Mwangu: Saa Nane ya Mombasa na Saa Nane ya Seva

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati mama wa mahamri aliye chini ya ghorofa yetu hapa Majengo ndiyo kwanza anaepua karai la mwanzo, mimi huwa nimekwisha kufungua kompyuta. Siku nyingine za juma natengeneza tovuti za nyumba ndogo za wageni, kazi inayolipa kodi ya nyumba. Alhamisi nimeitenga kwa kazi isiyonilipa, nayo ni kuitunza zana moja iliyohifadhiwa Toolforge.

Toolforge ni mfumo wa seva unaoendeshwa na Wikimedia Foundation, ambamo mtu wa kujitolea, ombi lake likikubaliwa, hupewa nafasi ya kuweka programu zinazowasaidia wahariri wa Wikipedia na miradi ndugu zake: roboti za kusahihisha makosa, ramani, orodha na takwimu. Kabla yake palikuwa na Toolserver, iliyoendeshwa na Wikimedia Deutschland hadi ilipofungwa mwaka 2014. Sharti kubwa la nyumba hii ni kwamba msimbo uwe na leseni ya chanzo huria, na mimi naliona ni la haki, kwa kuwa anayekaa bure katika nyumba ya jumuiya hana sababu ya kutia chumba chake kufuli ambalo yeye pekee ana ufunguo wake.

Zana yenyewe ni ndogo. Huorodhesha makala za Wikipedia ya Kiswahili zinazohusu maeneo ya Pwani, kuanzia Kwale hadi Lamu, ambazo hazina picha, ili anayetoka na simu yake ajue aelekee wapi. Sikuianzisha mimi. Mtunzaji wake wa kwanza alitoweka mtandaoni, na mwezi Machi 2024, mfumo wa zamani wa kuendeshea kazi ulipozimwa na zana zote kutakiwa ziwe zimehamia Kubernetes, mfumo mpya wa kuendeshea kazi, hapakuwa na wa kuihamisha, ikafa kimya. Kwa bahati nzuri upo utaratibu wa kuzilea zana zilizotelekezwa: unaomba hadharani, mwenyewe anatafutwa, na asipojibu, kamati ya viwango ya Toolforge huamua, tena hukagua mafaili kwanza ili siri za mwenyewe zisirithiwe pamoja na msimbo. Nilichorithi ni mistari mia nne hivi ya Python, lugha ya kuandikia programu, yenye maelezo mawili tu, mojawapo likisema "usiguse hapa".

Saa kumi na mbili niliingia sevani. Mashine ziko Ashburn, Virginia, na ingawa nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zinatua hapa hapa Mombasa tangu 2009, kila herufi ninayoipiga ni lazima ivuke bahari na kurudi ndipo niione, kwa hiyo vidole hutangulia na maneno yakafuata nyuma. Amri ya kwanza ni "become", yaani "kuwa", ikifuatwa na jina la zana. Jambo hili lilinishangaza nilipoanza na hadi leo nalipenda: mafaili si yangu wala si ya aliyenitangulia, bali ni ya zana yenyewe, ambayo ina akaunti yake, saraka yake na nywila yake ya hifadhidata. Sisi watunzaji tunavaa kanzu yake tunapofanya kazi, kisha tunaivua.

Kazi ya asubuhi ilikuwa kupunguza uzito wa maswali tunayoiuliza hifadhidata. Toolforge huzipa zana nakala za hifadhidata za wiki mbalimbali, zinazosasishwa mfululizo na kuondolewa mambo ya faragha, ndiyo maana humo huwezi kusoma barua pepe ya mhariri wala nywila yake. Ya Wikipedia ya Kiswahili inaitwa swwiki_p. Kuitambua makala isiyo na picha ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: katika jedwali liitwalo page_props, makala ambayo mfumo umeipatia picha huru ya kuiwakilisha hubeba sifa ya page_image_free, na isiyo nayo tunaitia orodhani. Ugumu uko katika kuuliza kama Wikimedia Commons, ghala la picha huru la miradi hii, tayari ina picha ya mahali hapo. Tangu 2021 nakala hizo zimegawanywa katika seva mbalimbali, na majedwali ya Commons hayawezi kuunganishwa na ya Kiswahili ndani ya swali moja. Inakubidi uchukue majina upande huu, uyafunge mafungu mafungu, kisha ukayaulize upande wa pili. Kufikia saa nne swali lililokuwa likinung'unika kwa dakika nzima lilikuwa likijibiwa kabla sijameza funda la kahawa.

Saa tano na dakika saba simu ililia. Alikuwa mwanafunzi mmoja wa Kisauni anayefundisha wahariri wapya, ambaye siku hiyo alikuwa na semina Tononoka.

"Kaka, ukurasa wako hauna kitu."

"Hebu ujaribu tena."

"Nimejaribu mara nne. Nina watu kumi na wawili hapa, wote wananitazama mimi."

Niliutazama ukurasa, na kweli ulikuwa mweupe. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha kwamba kazi ya kujaza orodha, ambayo huchukua dakika ishirini na kitu, ilikuwa imeanza saa mbili kamili kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, ambazo sevani huandikwa 08:00. Hapo nikajishika kichwa. Usiku uliotangulia nilikuwa nimebadilisha ratiba ili kazi iendeshwe saa nane usiku, Pwani ikiwa imelala, na katika nafasi ya saa nikaandika 8, kama ninavyosema kwa mdomo wangu. Seva haijui Kiswahili: 08:00 ya UTC ni saa tano asubuhi hapa kwetu, na saa nane ya usiku niliyoikusudia ilitakiwa iandikwe 23. Nimezaliwa na kukulia katika saa za Kiswahili, na kazi yangu ni kompyuta, na bado nimelipata kosa hilo nikiwa na umri huu.

Nilimwomba awaambie wasubiri hadi saa tano na nusu, wajifunze kwanza kuweka marejeo. Akanikubalia, ila kwa sauti ya mtu atakayenikumbusha siku nyingine.

Mchana wote uliishia hapo, ukiacha wali wa nazi nilioula nimesimama. Kurekebisha namba ilikuwa kazi ya sekunde. Ila kosa la pili lilikuwa kongwe zaidi, nalo nililirithi. Programu ilikuwa inalifuta jedwali lote kwanza ndipo ianze kulijaza, kwa hiyo kila siku palikuwa na dakika ishirini za utupu, na hakuna aliyelalamika kwa kuwa zilikuwa saa za usingizi. Wakati nikitafakari hilo nikapata ujumbe wa mtunzaji wa zana nyingine, mtu nisiyemjua sura, akiuliza kwa adabu mbona ramani yake imepoteza alama zote za Pwani ya Kenya. Hifadhidata ya zana yenyewe, tunamoweka orodha, nayo ina jina linaloishia na _p, na katika Toolforge alama hiyo maana yake ni kwamba zana nyingine zinaruhusiwa kuisoma. Yeye alikuwa akiisoma kwa miezi kadhaa. Nilikuwa nikidhani napika chungu cha nyumbani kwangu, kumbe jirani naye hupakua humo.

Basi nikaandika upya: data mpya inajazwa katika jedwali la pembeni, idadi ya safu inalinganishwa na ya jana, na zikipungua kupita kiasi kazi inasita na kunitumia barua, zikiwa sawa, majedwali mawili yanabadilishana majina kwa pigo moja, bila msomaji kukuta pengo.

Saa kumi na moja jioni yule mwanafunzi alifika na tarakilishi yake begani. Ombi lake la kujiunga na Toolforge lilikuwa limekubaliwa, nami nikamwongeza kuwa mtunzaji wa pili, jambo nililopaswa kulifanya siku nyingi. Alipiga ile amri ya "kuwa", akasubiri herufi zirudi, kisha akacheka.

"Kaka, tunaweza kujua ni wangapi wanaoufungua ukurasa kutoka Mombasa?"

Nikamweleza kwamba hatuwezi, kwa sababu Toolforge haizipi zana anwani za IP za wageni, yaani namba zinazodokeza kifaa cha mtu kiko wapi, na kwamba sheria za hapo hazituruhusu kuwafuatilia watu kwa njia za mlango wa nyuma. Alinyamaza, akaendelea kusoma msimbo, akafika kwenye mstari wa ratiba.

"Hii 23 ni usiku wa leo kuamkia Ijumaa. Kwa seva bado ni Alhamisi, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi ukurasa utaandika tarehe ya jana."

Sikuwa nimeliona hilo. Nilimsogezea kiti, na marekebisho yaliyoingia katika hazina ya msimbo saa moja kasorobo, kabla hajakimbilia matatu ya Kisauni, yana jina lake.